Rangi ya Warumi ingali ukutani, yangu inabanduka kila masika: kwa nini?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Tunaishi katika nyumba ya marehemu babu, Mji Mkongwe, Unguja. Sebule ya chini tumeipaka rangi mara tatu ndani ya miaka sita, na kila masika yakipita inafanya malengelenge na kubanduka. Juzi nimeona picha za nyumba moja ya Pompeii, Italia, ya ndugu wawili waitwao Vettii. Kuta nyekundu, njano na nyeusi, zimechorwa watu na ndege, zinang'aa kama zimepakwa jana. Nasikia zina karibu miaka 2,000. Walichanganya dawa gani? Na samahani kwa kuuliza, kwa nini mtu achore mambo kama yale nyumbani kwake, mengine ya aibu, tena mlangoni? Je, fundi wa leo anaweza kunifanyia kuta kama zile?"

Marahaba, mwanangu. Maswali yako ni matatu, na la kwanza lina mwiba ndani yake ambao sharti niutoe kabla ya kuendelea.

Kuta zile hazikukaa miaka 2,000 zikipigwa na jua, mvua na mikono ya watoto. Mlima Vesuvius ulilipuka mwaka 79 BK ukaifunika Pompeii kwa mita kadhaa za majivu na vijiwe vyepesi. Herculaneum, mji wa jirani, ulizama chini ya takriban mita 20. Watu walianza kuchimba Herculaneum mwaka 1738 na Pompeii mwaka 1748, na nyumba ya akina Vettii yenyewe haikufukuliwa mpaka miaka ya 1890. Sasa piga hesabu. Mwaka 62 tetemeko kubwa liliupiga mji ule, na nyumba nyingi, hiyo mojawapo, zikapakwa upya baadaye. Maana yake ni kwamba rangi unayoistaajabia ilikuwa haijafikisha hata miaka 17 ilipozikwa. Ikalala gizani zaidi ya miaka 1,800, bila jua, bila mvua, na, jambo ambalo wengi hawalifikirii, bila mwenye nyumba mpya kuja na kopo la rangi akasema "hii imepitwa na wakati." Imeamka kama miaka 130 iliyopita, na tangu iamke imekuwa mgonjwa wa kuhudumiwa. Nyumba hiyo ilifungwa takriban miaka 20 kwa matengenezo ikafunguliwa tena Januari 2023. Ukiona picha zake zinang'aa, ujue umeona kazi ya Warumi pamoja na kazi ya wahifadhi wa leo.

Hata hivyo siwanyimi sifa yao. Pompeii hiyohiyo kuna nyumba kubwa inayojulikana kama Nyumba ya Fauno, ambayo kuta zake zilipambwa katika karne ya 2 KK, na mwaka 79 BK zilikuwa bado zinatumika. Hapo ni zaidi ya karne moja na nusu, watu wanaishi ndani, taa za mafuta zinafuka moshi, wageni wanaingia na kutoka. Kwa hiyo ukuta wao ulikuwa na uwezo wa kudumu ukiwa macho pia. Tuuangalie huo uwezo.

Hakuna dawa, kuna chokaa. Na chokaa wewe umelelewa ndani yake: nyumba ya babu yako ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa magogo. Warumi walichoma mawe ya chokaa ya milimani kwao, sisi tukachoma ya baharini, na kilichotoka tanurini ni kitu kilekile. Jiwe likipata joto la nyuzi 900 hivi, hewa ya ukaa iliyomo ndani yake hutoka, linabaki jepesi, jeupe, lenye kiu. Limwagie maji linachemka, linapasuka, linakuwa uji mzito. Uji huo ukiupaka ukutani unaanza kurudi ulikotoka: unanyonya hewa ya ukaa iliyo katika hewa tunayovuta, kidogo kidogo, mpaka unakuwa jiwe tena.

Fundi wa Kirumi aliiwahi chokaa kabla haijafika. Alikoroga rangi kwa maji matupu, bila gundi, akaipaka juu ya lipu ambayo bado mbichi. Waitaliano wanaita kazi hiyo fresko, yaani mbichi. Lipu inapokauka, maji yenye chokaa hupanda mpaka usoni, yanakutana na hewa, na kutengeneza utando mwembamba wa jiwe unaozifunga chembe za rangi. Rangi ya kopo ni nguo, inavaliwa juu ya ukuta. Fresko ni chale.

Basi ubora wa chokaa ndio ulikuwa roho ya kazi. Vitruvius, mjenzi aliyeandika vitabu kumi vya ujenzi katika miaka ya 20 KK hivi, anaeleza jinsi ya kuijaribu iliyolowekwa: ikate kwa tezo kama unayechonga mti. Tezo likigonga vidonge, chokaa haijaiva. Chuma kikitoka kikavu na safi, ni dhaifu, ina kiu. Ikinata kwenye chuma kama gundi, hiyo ndiyo. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyekufa katika mlipuko uleule wa Vesuvius, anataja sheria za kale za ujenzi zilizomkataza mkandarasi kutumia chokaa iliyolowekwa kwa muda usiofika miaka mitatu. Miaka mitatu ndani ya shimo! Leo fundi ananunua mfuko asubuhi, saa nne umeshapigwa ukutani, halafu sote tunamshangaa Mrumi.

Juu ya chokaa kuna tabaka. Vitruvius anataka, baada ya lipu ya kwanza ya kusawazisha ukuta, mapigo matatu ya chokaa na mchanga, halafu mengine matatu ya chokaa na unga wa marumaru, kila moja laini kuliko lililotangulia, la mwisho lisuguliwe hadi ling'ae. Nikwambie ukweli wa mafundi, wa enzi zile na wa leo: ukikata lipu za Pompeii, mara nyingi unakuta tabaka mbili au tatu tu. Kitabu kilisema sita, bajeti ikasema vingine. Ila hata hizo mbili au tatu zilikuwa nene, na unene ndio uliotunza unyevu ili mchoraji apate muda wa kuchora.

Muda huo ndio unaonivutia kuliko yote, na iko nyumba Pompeii ambayo wachimbaji wameipa jina la Nyumba ya Wachoraji Kazini, kwa sababu mlipuko uliwakuta kwenye jukwaa. Wakaacha kila kitu wakakimbia. Vyungu vya rangi vilibaki sakafuni, na ndoo ya chokaa ilidondoka ikatapakaa ukutani, doa lake lipo mpaka leo. Ukisimama mbele ya ukuta ule unaisoma siku yao ya kazi jinsi ilivyokuwa inakwenda. Sehemu ya juu imekwisha. Ya kati imekwisha pembeni, lakini katikati, mahali pa picha kubwa, kuna lipu tupu yenye mistari michache ya kukisia iliyochorwa kwa udongo wa njano. Chini hawajafika. Walikuwa wanashuka kutoka darini kuja sakafuni, ili matone ya juu yasiharibu kazi ya chini, na kila walipofika usawa mpya wa jukwaa ndipo walipopiga lipu mpya. Katika kuta nyingi za Kirumi ukimulika taa kwa ubavu unaiona mishono ya mlalo, pale lipu ya leo ilipoungana na ya jana. Utaona pia alama za uzi uliovutwa na kuachiwa ukapiga mstari mnyoofu, vijitundu vya ncha ya bikari, na mikwaruzo ya msumari. Waliokuwa wakifanya kazi katika chumba kile walikuwa watu watatu au wanne, kila mmoja na lake: wa kupiga lipu, wa kujaza rangi ya uwanja na mapambo, na bingwa wa kuchora watu, ambaye nafasi yake iliachwa wazi katikati.

Tofauti hiyo ya mafundi ilikuwa na bei yake. Miaka mingi baadaye, mwaka 301, mfalme Diocletian alitoa amri ya bei za juu kabisa kwa dola nzima, na humo mchoraji wa kuta amepangiwa denari 75 kwa siku, mchoraji wa picha za watu 150, chakula juu ya mwajiri. Mara mbili kamili. Ila majina yao hayakubaki. Sahihi ukutani ni adimu mno. Iko moja Pompeii inayosema tu kwamba Lucius ndiye aliyechora. Tunayemjua kidogo ni Famulus (wengine wanalisoma jina lake Fabullus), aliyemchorea mfalme Nero jumba lake la dhahabu mjini Roma. Pliny anasema alifanya kazi saa chache tu kwa siku, na hakuvua vazi lake la heshima hata akiwa juu ya jukwaa. Ninawafahamu mafundi wawili watatu wa aina hiyo, ila wao hizo saa chache wanazitumia kwa simu.

Si kila kitu kilichorwa kwenye lipu mbichi. Nyuso, mapambo madogo na rangi za gharama mara nyingi viliongezwa baada ya ukuta kukauka, kwa rangi yenye kitu cha kunatisha. Vilivyoongezwa hivyo ndivyo vinavyodondoka kwanza. Ukiona picha ya kale ambayo uwanja mwekundu umebaki mzima lakini uso wa mtu umefutika, sababu mara nyingi ni hiyo.

Na rangi zenyewe? Nyingi zilikuwa udongo. Udongo mwekundu, udongo wa njano, udongo wa kijani kutoka Kipro na kwingineko, weupe wa chokaa, weusi wa masizi. Hizi zinapatana na chokaa, haziliwi nayo. Buluu ilikuwa ya kutengenezwa, ujuzi uliotoka Misri: mchanga, unga wa shaba na magadi, vinasagwa, vinafinyangwa vidonge, vinaingizwa tanurini. Vitruvius anamtaja mfanyabiashara Vestorius aliyeanzisha kiwanda chake Puteoli, bandari ya karibu na Naples. Buluu hiyo ina ajabu moja: ukiimulika kwa taa ya kawaida na kuipiga picha kwa kamera inayoona mwanga wa infraredi, ambao jicho haliuoni, inawaka nyeupe hata pale ambapo jicho halioni tena chembe ya buluu. Wahifadhi wanaitumia kufufua michoro iliyofutika.

Rangi ya kujionyesha ilikuwa zinjifuri, jiwe jekundu lenye zebaki, lililochimbwa Hispania. Pliny anaandika kwamba sheria iliweka bei yake isizidi sestesi 70 kwa ratili moja ya Kirumi, ambayo ni kama gramu 327. Askari wa jeshi wakati huo alilipwa sestesi 900 kwa mwaka. Yaani ratili ya rangi ilikaribia mshahara wake wa mwezi mzima. Ndiyo maana rangi za ghali hazikuwa ndani ya bei ya fundi: mwenye nyumba alizinunua mwenyewe akamkabidhi. Na fundi naye hakuwa mjinga. Pliny analalamika kwamba wachoraji walikuwa wakisuuza brashi zao kila mara, zinjifuri inazama chini ya maji, na jioni maji hayo yanaondoka na fundi. Mtu yeyote aliyewahi kujenga nyumba akahesabu mifuko ya saruji usiku atamwelewa Pliny.

Lakini zinjifuri ina kasoro: jua likiipiga inageuka nyeusi. Vitruvius ana kisa cha Faberius, karani aliyetaka nyumba yake ya mlima Aventino, Roma, ipendeze, akaupaka ua wake wa nguzo zinjifuri kuta zote. Siku 30 hazikupita, rangi imeharibika, ikabidi aite wakandarasi waipake nyingine. Waliojua waliifunika kwa nta na mafuta kidogo, wakaipasha moto na kuisugua. Kisa hiki nimekileta makusudi, ili usidhani Warumi hawakujua kubandukiwa. Walijua sana, ila nyumba za waliokosea hazikuzikwa na volkano zikatufikia.

Na wekundu wa Pompeii usiuamini wote. Udongo wa njano ukipata moto unapoteza maji yake unageuka mwekundu. Siku ya mlipuko joto liliziandama baadhi ya kuta, na kuta kadhaa tunazoziita nyekundu leo mwenyewe aliziagiza njano. Kwenye baadhi ya hizo bado unaona ramani ya joto: pembe hii njano, inakwenda ikikolea hadi wekundu.

Sasa swali lako la pili, la yale waliyoyachora.

Anza na chumba chenyewe. Nyumba ya Kirumi haikuwa na samani nyingi, na vyumba vingi vilikuwa vidogo, madirisha haba au hakuna. Ukuta ndio uliokuwa kabati la vyombo, televisheni na picha ya arusi kwa pamoja. Tena nyumba ya mkubwa haikuwa faragha kama tunavyoielewa. Asubuhi watu wake, wenye shida na wenye salamu, walijaa katika ukumbi wa mbele wakingoja kumwona. Mtu wa Lamu au Unguja hili halimpi tabu: tuna baraza kwa mgeni wa njiani, tuna sebule, tuna ndani. Kadiri mgeni alivyoruhusiwa kwenda ndani ndivyo kuta zilivyozidi kupambwa, na mgeni mwenyewe alijua amefikishwa wapi.

Vitabuni utakuta mitindo minne, iliyopangwa na Mjerumani August Mau mwaka 1882, na sitakuchosha nayo. Kwanza waliiga mawe ya marumaru kwa lipu iliyoinuliwa na kupakwa rangi, kama ile Nyumba ya Fauno. Kuanzia mwaka 80 KK hivi wakaanza kuutoboa ukuta kwa macho: wanachora nguzo, nyuma ya nguzo mji, nyuma ya mji mbingu, hata chumba cha hatua tatu kikaonekana hakina mwisho. Baadaye ukuta ukafungwa tena, uwanja mmoja mpana wa rangi na vinguzo vyembamba kama mabua, na hapo ndipo Vitruvius alipokasirika. Tangu lini bua likabeba paa, anauliza, na mtu akaota kutoka kwenye ua? Mtindo wa nne, wa miaka ya mwisho ya Pompeii, ulichanganya yote. Mimi binafsi nauona umejaa mno, lakini ndio uliowapendeza matajiri wapya.

Kinachonigusa zaidi ni chumba cha Livia, mke wa mfalme Augustus, katika nyumba yake ya shamba Prima Porta, nje ya Roma. Kiligunduliwa mwaka 1863, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 michoro yake ilibanduliwa ikapelekwa Roma, ambako iko katika makumbusho ya Palazzo Massimo. Ni chumba kilichozama nusu chini ya ardhi, cha kukimbilia baridi wakati wa joto. Kuta zote nne ni bustani. Mikomamanga, misonobari, mapera ya kizungu, maua na ndege kila mahali, wala hakuna mtu hata mmoja. Ukitazama vizuri unagundua kwamba kila mti umezaa na kuchanua kwa wakati mmoja, mambo ambayo bustani ya Mungu haifanyi. Watu walijilaza mle, chini ya ardhi, wakala chakula katikati ya msimu usiokuwepo.

Akina Vettii wako ni habari nyingine. Aulus Vettius Conviva na Aulus Vettius Restitutus hawakulazimika kuwa ndugu wa tumbo moja ili washiriki jina. Inadhaniwa walikuwa watumwa walioachwa huru, na aliyeachwa huru alichukua jina la bwana wake. Wakatajirika. Ukiingia chumba chao cha kuta za njano unakuta mtoto Herakles akiwanyonga nyoka, Pentheus akiraruliwa na wanawake, Dirke akifungwa kwenye fahali. Ni ngano za Kigiriki, elimu ya wana wa wakubwa. Mtu aliyewahi kuwa mtumwa sasa amejilaza kwenye kochi, amezungukwa na yale ambayo watoto wa waungwana walifundishwa na walimu wa kulipwa, na mgeni akiuliza "huyu ni nani?" yeye ndiye anayejibu. Sidhani ni ushamba, ingawa wengi wamewaita washamba. Halafu katika ukumbi mwingine kuna ukanda mwembamba mweusi wa vitoto vyenye mabawa vinavyofanya kazi: vinatengeneza marashi, vinafua dhahabu, vinasafisha nguo, vinauza mvinyo. Wakubwa wa damu waliona haya kutaja biashara. Hawa wameichora, kwa tabasamu.

Makochi yenyewe ya matajiri wa Roma, kwa njia, yalipambwa kwa pembe za ndovu na magamba ya kasa. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1, kinachoeleza safari za Bahari ya Hindi, kinataja bandari ya Rhapta kwenye pwani yetu, na bidhaa zake ni hizohizo: pembe za ndovu, pembe za vifaru, magamba ya kasa. Siwezi kukwambia kochi gani lilibeba kasa wa kwetu, lakini biashara ilikuwepo, katika miaka hiyohiyo.

Na ile ya mlangoni iliyokutia haya. Yule ni Priapus, mungu wa rutuba na mlinzi wa bustani, anaupima utupu wake kwenye mizani dhidi ya mfuko wa fedha, na chini yake kuna kapu la matunda. Kwetu ni aibu, kwao ilikuwa kinga. Waliamini umbo lile linavunja kijicho, na nyumba mpya ya matajiri wapya ina mengi ya kuhusudiwa. Jicho la mgeni mwenye husuda linaangukia pale kwanza, anacheka au anaona haya, nguvu ya jicho imeishia mlangoni. Wewe nawe huenda kwenu pana kitu juu ya kizingiti, hata kama ni aya tu kwenye fremu.

Haya, tuje sebuleni kwako. Kabla hujaniuliza fundi gani, nijibu hili: juu ya jiwe la babu pamepigwa nini? Nina hakika karibu kamili ni saruji, na juu ya saruji rangi ya plastiki. Niliwahi kuitwa katika nyumba moja ya umri huo, wamepiga saruji safi kabisa mpaka usawa wa kifua, na wameridhika. Miaka miwili baadaye maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye boriti. Ukuta wa matumbawe na chokaa unakunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa kwa kupumua. Ukiuziba usoni, maji yanatafuta njia, yanapanda, yanabeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya rangi inaisukuma. Malengelenge yako ni hayo.

Usione umekosa peke yako. Pompeii kwenyewe kuna nyumba ya shamba iitwayo ya Mafumbo, ambayo chumba chake kimoja kina watu 29 wa kimo cha binadamu kwenye uwanja mwekundu. Wataalamu wa mwanzoni mwa karne ya 20 waliipaka nta ili waihifadhi. Nta ikawa manjano, ikaufungia unyevu ndani, na katika matengenezo ya 2013 hadi 2015 wahifadhi walikuwa wakiitoa kwa subira, mahali pengine kwa leza.

Warumi walikuwa na jibu la ukuta wa unyevu. Vitruvius anasema: mahali penye maji, futi tatu za chini usitumie mchanga, tumia vigae vilivyopondwa pamoja na chokaa. Maji yakizidi, jenga ukuta mwembamba wa pili mbele ya ule wa kwanza, acha mwanya kati yao wenye matundu ya hewa chini na juu, na uchore kwenye huo wa pili. Vigae maalumu vyenye vichuchu mgongoni vimechimbuliwa sehemu nyingi. Vilipigiliwa ukutani ili vichuchu vilinde nafasi ya hewa nyuma ya lipu.

Kwako mimi ningefanya hivi. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi: bomba la choo, mfereji wa mtaani ulioinuka kuliko sakafu yako, au paa. Hilo lisipotengenezwa, mengine yote ni kutupa pesa. Pili, kwa kuwa ni Mji Mkongwe, pita kwa mamlaka inayosimamia mji huo upate ruhusa. Tatu, bandua saruji yote mpaka jiwe, taratibu, kwa patasi na si kwa mashine, kisha uache ukuta uchi msimu mzima wa kiangazi. Utaonekana mbaya na ndugu watasema. Waache waseme. Nne, lipu ya chokaa iliyokaa majini walau miezi kadhaa, kwa mchanga uliooshwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi na utakurudisha ulikotoka. Mwisho chokaa laini, ile ambayo wazee wetu waliiita niru.

Ukitaka rangi, tumia za udongo, nyekundu au njano, zilizosagwa laini sana na kukorogwa kwa maji. Usianze na ndege wala watu. Anza na uwanja mmoja wa rangi moja, upana wa mlango, kwenye ukuta usiopigwa na jua. Fundi wa leo anaweza, sharti akubali kufuata saa ya lipu: ukigusa kwa kidole ikabonyea bila kubandukia mkononi, hapo ndipo, na kwa joto la Unguja una saa chache tu. Avae miwani na glavu, maana chokaa mbichi inaunguza macho. Chagueni siku ya mawingu, mloweshe ukuta tangu usiku, na muanzie juu.